Jirani anauza kipande kilichogusana na nyumba yangu hapa Nyasaka, nichukue au nimwache mwenye fremu achukue?

Ngosha wa Nyasaka

Mwangaluka wadau, na wale ambao sio wa Usukumani habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije kuniandikia "fupisha".

Mimi naishi Nyasaka, Ilemela, huku juu kwenye mawe. Nimejenga, nipo na familia, kiwanja kilipimwa kipindi kile cha urasimishaji na hati ninayo kabatini. Sasa nyuma ya nyumba upande wa jikoni kuna kipande cha jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, namwita baba na mkewe namwita mama, hatujawahi kukwaruzana hata kwa kuku. Hicho kipande kina upana kama mita 9 na urefu 22 hivi, mkanda tu, unaanzia kwenye bikoni (ile nguzo ya mpaka) tunayochangia unashuka mpaka kwenye korongo la maji ya mvua. Kina miembe miwili na jiwe kubwa katikati, watu wanakatiza hapo kwenda dukani, yani miaka yote hakuna aliyekifikiria.

Wiki iliyopita mzee kaniita jioni, tukaongea mambo ya mvua na mambo ya mpira, alafu ndo akafika kwenye lake: "Mwanangu hicho kipande nataka kukiuza, nimeona nianze na wewe kabla ya watu wa nje." Anataka milioni 6. Kuna jamaa kamwahidi milioni 7, anataka kupiga fremu mbili na sehemu ya kuchomelea mageti. Kuchomelea mageti, wadau, dirisha la chumba cha watoto wangu liko pale pale!

Kwa upande wangu hicho kipande kina kazi. Karo la choo linajaa kila masika na gari la maji taka haliwezi kuingia nyuma, mpaka wavute mpira kupitia sebuleni, aibu tupu hasa siku ukiwa na wageni. Nikikipata naweka geti dogo, gari linafika, na naweza kuchimba karo jingine kubwa. Mke wangu yeye anasema milioni 6 ni kiwanja kizima cha 20 kwa 20 huko ndani Usagara au Kisesa, kwanini ninunue uchochoro. Na mimi sina jibu la kumpa zaidi ya kwamba Usagara haiko nyuma ya jiko langu.

Nimemuuliza mzee kama kipande kina karatasi yoyote, akasema "kimo kwenye hati yangu hii hii". Anasema tutaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili watatu, basi.

Naomba ushauri, bei ni halali? Na hayo maandishi ya kwa mwenyekiti yanatosha?

Sangara Mkavu

Chukua mkuu. Ukimwachia fundi mageti hiyo milioni 6 utaimalizia kwa dokta wa masikio.

Mama wa Kayenze

Mdogo wangu kabla ya bei mimi nauliza, huyo mama unayemwita mama amesemaje? Maana umetuandikia mzee kasema, mzee anataka, mzee kakuita. Hicho ni kiwanja wanachoishi, ni nyumba ya ndoa hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inakataza mwenza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na uani ni sehemu ya nyumba usidanganywe eti yeye anauza vichaka. Huku kwetu nimeona mwanaume kauza nusu ya uwanja kwa mtu wa Musoma, mama kaenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, mkataba ukatupwa na aliyenunua kabaki anamtafuta mzee amrudishie hela ambayo ilishaliwa kitambo.

Mwite mama, akae, aseme kwa mdomo wake, asaini.

Bikoni

Mleta uzi, hapo aliposema "kimo kwenye hati yangu hii hii" ndipo pa kusimama, mengine yote ni madogo.

Mimi ni mpima ardhi, nimefanya kazi sana kanda hii ya ziwa. Watu wanaamini wakilipana na kuandikiana kipande kimehama. Hakijahama. Hati ya mzee inataja namba ya kiwanja na kitalu, ina ukubwa wake na ramani yenye bikoni zenye namba, na hizo bikoni hazijasogea hata unyayo. Msajili wa hati akifungua kumbukumbu zake kesho atakuta eneo lote ni la mzee, wewe haupo. Karatasi yenu inakufunga wewe na yeye tu. Benki haijui hiyo karatasi, atakayenunua nyumba ya mzee baadae haijui, na msimamizi wa mirathi siku mzee akifariki ataorodhesha kiwanja chote kama kilivyo kwenye hati.

Ili kihame kweli inabidi kiwanja cha mzee kigawanywe na kile kilichokatwa kiunganishwe na chako. Hiyo inaanzia mipango miji, mchoro unafanyiwa marekebisho, halmashauri inapitisha, mpima anaenda kuweka bikoni mpya, ramani ya upimaji inaidhinishwa, alafu hati zenu zote mbili zinarudi na kutoka upya zikiwa na ukubwa mpya. Ni mlolongo, sikufichi, na kila hatua ina ada yake. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1, kuna uthamini, kuna kibali cha uhamisho, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni ya muuzaji kisheria ila mtaani wazee wanasema "mimi nataka hela yangu safi", kwahiyo lijadilini mapema na liandikwe.

Ila kuna habari njema ndani yake. Mkanda wa mita 9 ni mgumu sana kupewa namba yake peke yake kama kiwanja cha kujenga, ukitoa nafasi zinazotakiwa kuachwa pembeni hakibaki kitu. Huyo wa fremu akifata utaratibu atahangaika kupata kibali cha ujenzi. Wewe ndo mtu pekee ambaye hicho kipande kwako kinakuwa halali bila tabu, kwa sababu kinaungana na kiwanja kilichopo. Kwahiyo hiyo milioni 7 usiiogope.

Sangara Mkavu

@Bikoni sasa yote hayo kwa mita 9? Mtaa wetu mzima Mabatini tunaishi kwa karatasi za mwenyekiti toka enzi za mababu na hakuna aliyekufa.

Dada wa Kirumba

@Sangara Mkavu hajafa mtu ila kaka yangu alikaribia.

Yuko Buhongwa. Alinunua pembeni ya jirani yake hivyo hivyo, mkataba wa mkono na mhuri wa mtaa, akazungushia fensi akajenga vyumba viwili vya wapangaji. Maisha yakaenda vizuri tu. Baadae jirani akachukua hati yake akaenda kukopa benki, sikutaji benki gani na wala haina kosa, wao waliangalia hati wakaona kiwanja chote ni cha mkopaji, mthamini akaja akapiga picha za mbele akaondoka. Biashara ya jirani ya mabondo (vibofu vya samaki) ikayumba, mkopo ukagoma. Siku dalali wa mnada anabandika tangazo, vyumba vya kaka na wapangaji wake ndani vipo kwenye tangazo!! Kaka anapiga kelele na karatasi yake mkononi, dalali anamwambia mzee hiyo peleka mahakamani mimi nina amri yangu.

Iliisha kwa kaka kuchanga hela kumsaidia jirani kulipa deni, yani kanunua mara ya pili. Na jirani wala hakuwa tapeli, alikuwa ameshasahau kabisa kwamba kile kipande bado kimo kwenye hati anayoipeleka benki.

Ngosha wa Nyasaka

@Dada wa Kirumba dah. Hiyo imenikaa vibaya maana mzee ana kijana wake anafanya biashara ya dagaa na huwa nasikia anamwomba hati akakopee.

Dada wa Kirumba

Basi umeshajijibu.

Mkolani Boy

Mnamtisha bure jamaa. Anunue, aweke fensi, akae kimya. Akikaa miaka 12 hakuna wa kumtoa, sheria ndo inasema hivyo.

Wakili Mchovu

Hii ya miaka 12 kila wiki lazima mtu ailete. Sheria ya Ukomo inasema mtu akitaka kudai ardhi mahakamani afanye hivyo ndani ya miaka 12. Haisemi ukikaa miaka 12 kwenye ardhi ya mwenzio basi inakuwa yako. Na mtu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi, mpangaji, aliyekaribishwa, ndugu, mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba huyo hawezi kuja kugeuka akadai kwa kukaa muda mrefu. Kwahiyo kukaa kimya kwenye fensi sio mkakati wa ardhi, huko ni kuombea jirani afe na watoto wake wasisome.

Mleta uzi, kuna kitu hakuna aliyekuuliza. Unataka ardhi au unataka njia? Maana kama shida ni gari la maji taka na kuzuia fremu, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, mnaiandika, mnaisajili juu ya hati ya mzee, na inabaki pale hata hati ikienda benki au kwa mnunuzi mwingine. Utamlipa mzee kidogo kuliko milioni 6, mlolongo wa kugawa kiwanja unauepuka, na mnaweka sharti asijenge hapo.

Ngosha wa Nyasaka

@Wakili Mchovu hiyo sikuwahi kuisikia, asante. Ila mzee anataka kuuza sababu anataka hela ya maana kwa mara moja, sijui kama atakubali laki kadhaa za kupita. Na mimi nataka karo, huwezi kuchimba karo kwenye haki ya kupita si ndio?

Wakili Mchovu

Ndio, karo linahitaji ardhi. Basi nunua, lakini nunua kama Bikoni alivyosema.

Mzee wa Igoma

Suala la mwenyekiti. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa sababu anawajua wote wawili na anajua mipaka ya zamani kabla hata ya vipimo, mimi simdharau. Lakini akikuambia serikali ya mtaa inachukua asilimia 10 ya mauzo muulize kwa upole sana imeandikwa kwenye sheria gani, na muombe risiti yenye kontroo namba. Utaona hadithi inavyobadilika inakuwa "basi tupatie soda". Mkataba wenyewe uandikwe na wakili, mwenyekiti asaini kama shahidi. Hiyo ndio nafasi yake.

Mchimba Kokoto

Nyie wote mmeongea makaratasi hakuna aliyeuliza jiwe. Mleta uzi umesema "jiwe kubwa katikati" kama unataja kichuguu. Mimi napasua mawe toka nina miaka 14, nisikilize.

Huku kwetu Mwanza jiwe unaloliona ni kichwa, mwili uko chini. Unaweza ukaona la kimo cha mtu kumbe chini limelala kama nyumba, na pembeni yake unapodhani ni udongo ukichimba futi tatu nne unakutana nalo tena linakusubiri. Sasa wewe unanunua hapo kwa ajili ya karo. Karo kwenye mwamba halifanyi kazi hata ukifanikiwa kulichimba, maji hayana pa kwenda, yatarudi jikoni kwako au yatatokeza kwa jirani wa chini alafu uanze ugomvi mwingine. Kabla haujatoa hata shilingi muombe mzee ruhusa uchimbe shimo la majaribio, sehemu mbili, siku moja vijana wawili wanamaliza. Ukikuta udongo mwekundu unaenda chini, sawa. Ukikuta mwamba, bei inatakiwa ishuke au ubadilishe mpango.

La pili, kulipasua. Ile njia yetu ya zamani ya kuwasha matairi na magogo juu yake mpaka lipate moto lipasuke, hapo karibu na ukuta usikubali, joto linapasua plasta na moshi wa tairi utawaua watoto kwa kikohozi. Baruti ndo kabisaa usisikie mtu anakwambia anayo, bila kibali kati ya nyumba za watu mtalala ndani wote. Kuna kutoboa matundu kwa mashine na kupigilia vyuma, linapasuka taratibu kwa mstari, ni ghali kidogo ila salama. Na kokoto utakazopata zina soko, jiwe la size hiyo linaweza kukurudishia sehemu ya gharama.

Mama wa Kayenze

@Mchimba Kokoto wewe ungekuwa mhadhiri mahali.

Mkerewe

Samahani naingilia uzi, na mimi nina jirani Luchelele anauza kipande chini ya kwangu kinafika mpaka majini kabisa, bei rahisi mno, nilikuwa nataka niongezee uwanja niweke bustani na sehemu ya wageni. Ushauri huu huu unanihusu?

Sangara Mkavu

Anzisha uzi wako Mkerewe, huku kuna mtu ana fundi mageti.

Bikoni

Namjibu kwa ufupi tu. @Mkerewe hiyo rahisi ina sababu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Hicho kipande pengine chote kimo humo, haitatoka hati wala kibali, unanunua kupanda mchicha tu na wakija wa mazingira hata choo cha wageni kitabomolewa. Na ukiachana na sheria, ziwa lenyewe halina mpaka wa kudumu. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia kwenye mahoteli na nyumba za watu pembezoni, 2024 likapanda tena. Wazee wanakumbuka na mvua za uhuru za 1961 zilivyolifanya. Kipande kinaweza kuwa cha ziwa nusu mwaka.

Mkerewe

Nimeelewa mkuu, nilikuwa nishaanza kuchagua rangi za viti.

Ngosha wa Nyasaka

Wadau narudi na mrejesho, kuna mambo.

Nilienda ofisi ya ardhi manispaa nikiwa na nakala ya hati ya mzee (alinipa mwenyewe bila kinyongo, hilo nalo limenipa moyo). Nikaomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo letu. Kijana wa pale kaufungua, tukatafuta namba ya mzee, tukatafuta yangu, alafu akanyamaza kidogo akaniuliza "unasema mita 9 mmepima kuanzia wapi mpaka wapi?" Nikamwambia kutoka bikoni mpaka korongoni. Akasema mpaka wa mzee haufiki korongoni. Kuna njia ya mita 3 imechorwa kando ya korongo lote kutoka juu hadi barabarani. Ile njia watu wanayokatiza kwenda dukani sio kwamba wanaiba njia, ni njia kweli!

Kwahiyo kinachouzika ni mita 6 kwa 22. Mzee hakujua, nina uhakika, maana nilivyomwambia alishangaa kuliko mimi akasema wakati wa upimaji alikuwa amelazwa, aliyeonyesha mipaka ni kijana wake. Na njia yenyewe kwangu ni faida, gari la maji taka litapita kihalali bila kumuomba mtu.

La pili ni la familia. Mama kakubali na atasaini. Ila mama huyu ni mke wa pili, wa kwanza alifariki, na kiwanja walinunua enzi za yule wa kwanza. Watoto wakubwa wapo watatu, wawili Geita mmoja Sengerema. Hapo sijui nisimamie wapi.

La tatu, shimo la majaribio. @Mchimba Kokoto nakupa heshima yako. Shimo la karibu na jiwe tumekutana na mwamba kwenye kiuno. Shimo la mwisho kule karibu na njia udongo umeshuka vizuri, vijana wamezama mpaka kichwa hakionekani.

Mchimba Kokoto

Nilisema. Karo lako liko kule chini basi, jiwe liache lilipo au tuongee.

Wakili Mchovu

Kuhusu watoto. Mzee akiwa hai na hati ina jina lake, watoto hawana kura ya kuzuia asiuze, wengi wanachanganya mali ya baba na urithi. Lakini hapa kuna mke wa kwanza aliyefariki na kama kiwanja walichuma pamoja, sehemu yake iliingia kwenye mirathi yake. Uliza kama mirathi ya marehemu iliwahi kufunguliwa na kufungwa, fomu namba 4 ya uteuzi wa msimamizi, na orodha ya mali. Kama haikufunguliwa, na mara nyingi haikufunguliwa, basi angalau watoto wote watatu waje wasaini kwamba wanajua na hawana pingamizi. Haifuti kila kitu, ila mtoto aliyesaini leo ni vigumu kesho kuja na panga.

Na baada ya kusaini mkataba, usisubiri ugawaji ukamilike ndio ukumbuke kijana wa dagaa na mkopo wake. Peleka zuio kwa msajili wa hati, linaandikwa juu ya kumbukumbu ya kiwanja cha mzee kwamba kuna mtu ana maslahi hapo. Mwambie mzee kabla, usimfanyie kwa siri, ni jirani yako huyo.

Dada wa Kirumba

Na bei je? Mita 9 zimekuwa 6, milioni 6 haiwezi kubaki 6.

Mkolani Boy

Ni hesabu rahisi, mita 9 milioni 6, mita 6 milioni 4. Kwisha.

Mama wa Kayenze

@Mkolani Boy wewe unanunua kitambaa. Hiyo njia ingekuwepo au isingekuwepo anachokinunua ni kile kile, usingizi wa watoto na karo. Mimi ningetoa nne na nusu nikatulia, kwa sababu huyo mzee angeweza kumuuzia wa mageti bila kumuita mtu na hakufanya hivyo. Mkikamuana mpaka mwisho kwa laki tano, mtakuwa mnapitana getini miaka mingapi?

Sangara Mkavu

Mi ningekamua. Laki tano ni nondo.

Mzee wa Igoma

Namuunga mkono mama. Ila namna ya kulipa ndio muhimu zaidi ya kiasi. Usilipe yote. Lipa sehemu siku ya kusaini, sehemu mpima akishaweka bikoni mpya, na kiasi cha mwisho hati mpya ikitoka. Mtu akishalipwa yote, hamu ya kwenda ofisini kusaini makaratasi inaisha, hata awe mchungaji.

Ngosha wa Nyasaka

Hapo kwenye kulipa kwa awamu ndo tumevutana. Mzee anasema anamlipia mjukuu chuo na dirisha la ada halisubiri bikoni. Nimemwelewa. Tumekubaliana milioni 4 na nusu, tatu siku ya kusaini ili ada ilipwe, moja bikoni zikisimama, na laki tano hati zikitoka. Ile kodi ya ongezeko la mtaji ni yake kama sheria inavyosema, gharama za upimaji na za ofisini ni zangu, imeandikwa. Mke wangu kasikia nne na nusu kanyamaza, kwake hiyo ni sawa na ndio.

Watoto wa Geita wamekuja wote wawili jumamosi, wa Sengerema kavuka na daraja asubuhi kageuza jioni, anasema zamani ya kivuko angeniambia nimtumie karatasi. Mkubwa alikuwa na maswali mengi na alitaka aone mchoro kwa macho yake, tukamuonyesha. Mwenyekiti alikuja, hakutaja asilimia kumi, kanywa chai kasaini. Kwa wakili tumesaini jumatatu, mzee, mama, watoto watatu, mimi na mke wangu. Zuio nimepeleka, nilimwambia mzee mapema, na kijana wa dagaa alikuwepo tunaongea kwahiyo ujumbe umefika bila kumnyooshea mtu kidole.

Huyo wa fremu kapata sehemu barabarani kule Buswelu, nimefurahi kwa niaba yake.

Bikoni

Kazi nzuri. Mpima wako akija hakikisha na jirani wa upande wa juu yupo siku hiyo na anasaini fomu ya mipaka. Umewaweka sawa wa nyuma ukamsahau wa pembeni, na bikoni ya kona ni yenu watatu.

Ngosha wa Nyasaka

Yule ni mwalimu, yupo jioni tu. Nitamuomba mpima apange jumamosi.

Mchimba Kokoto

Mmesahau kuandika jiwe ni la nani. Kokoto za jiwe lile ni lori kadhaa hizo, msije mkagombana baada ya kufanya yote hayo.

Ngosha wa Nyasaka

Limeandikwa kiongozi, nusu kwa nusu na mzee gharama ya kupasua tukishaitoa. Njoo inboksi na bei ya mashine, bila tairi.

Mchimba Kokoto

Nakuja. Nitumie picha ukiwa umesimama pembeni yake nijue kimo, na unipimie umbali mpaka ukutani.